Kiowevu Kisichojua Mnato: Nafasi ya John Allen katika Ugunduzi wa Mwaka 1938

Kila mtu aliyewahi kumimina asali anajua kwamba asali haiharakishwi. Maji humwagika mara moja, mafuta ya nazi hufuata kwa mwendo wa wastani, na asali huja mwisho, tena kwa kujivuta. Wanafizikia huiita tabia hii mnato, yaani ule ukinzani ambao matabaka ya kiowevu huwekeana yanapopita moja juu ya jingine. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba kila kiowevu kina mnato, uwe mkubwa au mdogo, na kwamba hakuna kiowevu kinachoweza kupita katika mrija bila kulipa ushuru huo.

Tarehe 8 Januari 1938 jarida la sayansi la Nature, lichapishwalo Uingereza, lilitoa barua mbili fupi zilizoivunja imani hiyo. Barua ya kwanza, katika ukurasa wa 74, iliandikwa na Pyotr Kapitza kutoka Moscow. Ya pili, katika ukurasa wa 75, iliandikwa na John Allen na Donald Misener kutoka Cambridge. Zote mbili zilieleza jambo lile lile: kwamba kiowevu cha heli, kikipozwa chini ya kiwango fulani, hutiririka kana kwamba hakina mnato hata kidogo.

Barua hizo zilizaliwa pamoja, lakini hazikulelewa sawa. Miaka 40 baadaye mmoja wa waandishi hao watatu alipewa Tuzo ya Nobel, na vitabu vingi vya shule vikaendelea kumtaja yeye peke yake. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji kazi iliyofanywa na Allen pamoja na mwenzake Misener, na kuonyesha kwa nini bila kazi hiyo ugunduzi wenyewe ungebaki nusu.

Heli na baridi yake

Heli ni gesi nyepesi ambayo alama zake zilionekana kwanza katika mwanga wa jua mwaka 1868, ikapatikana hapa duniani mwaka 1895. Miongoni mwa gesi zote, heli ndiyo iliyokataa kwa muda mrefu zaidi kugeuzwa kuwa kiowevu. Hatimaye, tarehe 10 Julai 1908, Heike Kamerlingh Onnes alifaulu kuigeuza katika maabara yake huko Leiden, Uholanzi. Kiowevu hicho huchemka kwenye halijoto ya Kelvin 4.2, yaani karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Msomaji akumbuke kwamba kipimo cha Kelvin huanzia sifuri kamili, mahali ambapo hakuna tena joto la kuondolewa katika kitu.

Katika miaka iliyofuata, dalili za ajabu zilijitokeza moja baada ya nyingine. Wataalamu wa Leiden waligundua kwamba kwenye Kelvin 2.17 hivi kiowevu cha heli hubadilika ghafula kutoka hali moja kwenda nyingine. Hali ya juu waliiita Heli I na ya chini Heli II. Mwaka 1932, huko Toronto, Kanada, John McLennan na wenzake waliandika kwamba kiowevu hicho, ambacho hapo awali kilitokota kwa mapovu, hutulia kabisa kinapovuka kiwango hicho. Baadaye ilidhihirika sababu yake: Heli II hupitisha joto vizuri mno kuliko hata shaba, hivyo hakuna sehemu ndani yake inayoweza kupata joto zaidi ya nyingine na kutoa povu.

Dalili zilikuwa nyingi, lakini maana yake haikujulikana.

Mgeni asiyemkuta mwenyeji

John Frank Allen alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1908, mwaka ule ule heli ilipogeuzwa kuwa kiowevu. Baba yake alikuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Manitoba. Kijana huyo alipata shahada yake ya uzamivu Toronto mwaka 1933, akafanya utafiti kwa muda huko California, kisha mwaka 1935 akavuka bahari kwenda Cambridge. Shabaha yake ilikuwa kufanya kazi na Kapitza.

Kapitza alikuwa mhandisi na mwanafizikia kutoka Urusi. Alifika Cambridge mwaka 1921, baada ya maradhi kumwondolea baba yake, mke wake na watoto wake wawili. Huko alipokewa na Ernest Rutherford, ambaye alimpenda na kumtegemea. Mwaka 1933 alifunguliwa maabara mpya iliyoitwa Mond, na mwaka uliofuata akatengeneza mashine ya kugeuza heli kuwa kiowevu kwa kutumia pistoni. Mashine hiyo ilirahisisha sana kazi ambayo zamani iliwezekana katika maabara chache tu ulimwenguni.

Lakini katika majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka 1934, Kapitza alipokuwa ziarani nyumbani, serikali ya Kisovieti ilimkatalia ruhusa ya kurudi Uingereza. Rutherford alijaribu kumwombea bila mafanikio. Mwishowe ilikubaliwa kwamba vyombo muhimu vya Kapitza viuzwe kwa Urusi kwa pauni 30,000, ili mtaalamu huyo asikae mikono mitupu. Alijengewa taasisi mpya Moscow, iliyoitwa Taasisi ya Matatizo ya Fizikia.

Basi Allen alipowasili alikuta mwenyeji wake hayupo. Maabara ya Mond ilikuwa imepoteza mkuu wake na sehemu kubwa ya vifaa vyake. Hata hivyo mashine ya heli aliyoibuni Kapitza ilibaki ikifanya kazi, na kijana huyo wa miaka 27 akaanza kujenga upya utafiti wa baridi kali. Mwaka 1937 aliungana na mwanafunzi mwingine kutoka Toronto, Donald Misener, ambaye hakuja na mikono mitupu.

Swali la Misener

Mwaka 1935, akiwa bado Toronto, Misener alikuwa ameshiriki katika kupima mnato wa kiowevu cha heli. Njia waliyoitumia ni ya kuchovya silinda katika kiowevu, kuizungusha, na kuona jinsi kiowevu kinavyoizuia. Matokeo yalionyesha kwamba mnato hupungua heli inapovuka kile kiwango cha Kelvin 2.17. Upungufu ulikuwapo, lakini haukuwa wa kustaajabisha sana. Mtu angeweza kusema kwamba Heli II ni kiowevu chepesi tu, na shauri likaishia hapo.

Huko Moscow Kapitza aliiona kasoro ya njia hiyo. Alifikiri kwamba kiowevu chepesi kupita kiasi huvurugika upesi kinapozungushwa, na mvurugiko huo huweza kuhesabiwa kimakosa kuwa ni mnato. Kwa hiyo alichukua visahani viwili vilivyosuguliwa hadi kung'aa, akaviweka uso kwa uso, akaacha upenyo wa nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita hivi, na kukiacha kiowevu kipite humo. Heli I ilipita kwa shida. Heli II ilipita upesi sana, hata akakadiria kwamba mnato wake ni mdogo angalau mara 1500 kuliko ule wa Heli I. Barua yake ina tarehe ya 3 Desemba 1937. Ndani yake alilinganisha jambo hilo na metali ambazo, zikipozwa sana, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Kwa mfano huo akabuni jina jipya ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliandika supafluidi.

Allen na Misener walifuata njia yao wenyewe. Wao walitumia mirija ya kioo, myembamba kama unywele, yenye ukubwa mbalimbali. Walipima kasi ya kiowevu kupita katika kila mrija, wakibadilisha shinikizo na halijoto. Barua yao ina tarehe ya 22 Desemba 1937, siku 19 baada ya ile ya Moscow. Mtu anayejua taabu ya kazi ya baridi kali, kupuliza mirija ya namna hiyo, kuipima, kukusanya heli na kurudia majaribio, hawezi kusema kwamba utafiti wa aina hiyo hubuniwa na kukamilishwa katika siku 19.

Kanuni iliyokataa kutii

Hapa ndipo ulipo uzito wa mchango wa Cambridge, na msomaji anaombwa kuufuatilia kwa makini.

Viowevu vya kawaida vinapopita polepole katika mrija mwembamba hutii kanuni inayofahamika tangu karne ya 19. Ukizidisha shinikizo mara mbili, mtiririko nao huzidi mara mbili. Ukitumia mrija wenye kipenyo cha nusu, na mambo mengine yote yakabaki vile vile, mtiririko hupungua mara 16. Ni kwa kanuni hii mnato hukokotolewa: mtafiti hupima mtiririko, huingiza tarakimu zake, na kupata jibu.

Allen na Misener walipoingiza tarakimu zao, kanuni haikukubali. Katika mirija iliyo myembamba zaidi, kasi ya Heli II ilibaki karibu ile ile hata shinikizo lilipobadilishwa. Mrija ulipobanwa, kasi haikuanguka kama ilivyopaswa. Hawakusema tu kwamba mnato umekuwa mdogo sana. Walisema kwamba mtiririko huo si wa matabaka yanayoteleza kwa utaratibu, wala si wa mvurugiko wa kawaida, na kwa sababu hiyo hesabu yoyote inayojulikana haiwezi kutoa thamani ya mnato yenye maana.

Tofauti iliyopo ni kubwa. Kapitza alionyesha kwamba tarakimu ni ndogo mno, akalipa jambo hilo jina. Allen na Misener walionyesha kwamba swali lenyewe, "mnato ni kiasi gani?", halifai tena kuulizwa kwa namna ya zamani. Mmoja aliita mlango kwa jina lake, na wengine wawili wakathibitisha kwamba ng'ambo ya mlango huo sheria ni nyingine. Kila upande ulihitaji kazi ya mwenziwe.

Chemchemi chini ya mwanga wa tochi

Allen hakuishia hapo. Wiki chache baadaye, tarehe 5 Februari 1938, yeye na Harry Jones walichapisha jambo jingine. Walikuwa na mrija uliojazwa unga mgumu wa kusugulia, kama ule unaobandikwa kwenye karatasi ya msasa, uliochovywa katika Heli II. Unga huo ulipoangaziwa mwanga ukapata joto kidogo, kiowevu kilipanda ndani ya mrija na kuruka juu kama chemchemi. Mwanga wa tochi ya mkononi ulitosha. Hapakuwa na pampu wala kitu chochote kinachosukuma. Joto peke yake lilikivuta kiowevu kuelekea kwake.

Jambo hilo ndilo lililowazindua wananadharia. Katika mwaka huo huo wa 1938 Fritz London alipendekeza kwamba atomu za heli, zikiwa na baridi ya kutosha, hukusanyika kwa wingi katika hali moja ya chini kabisa, kama Bose na Einstein walivyokuwa wametabiri juu ya gesi. Laszlo Tisza akaendeleza wazo hilo kwa kusema kwamba Heli II hutenda kana kwamba ni mchanganyiko wa viowevu viwili: kimoja cha kawaida chenye mnato na joto, na kingine kisicho na mnato wala joto. Mwaka 1941 Lev Landau wa Moscow aliijenga nadharia hiyo upya juu ya misingi imara zaidi.

Kwa nadharia hiyo lile fumbo la Toronto likafumbuka. Silinda inayozungushwa hukutana na sehemu zote mbili za kiowevu, na ile sehemu ya kawaida huendelea kuizuia, ndiyo maana mnato ulionekana kupungua tu. Mrija mwembamba, kwa upande wake, huizuia sehemu ya kawaida na kuiachia ile isiyo na mnato ipite. Chemchemi nayo hueleweka kwa hoja hiyo hiyo: sehemu isiyo na joto hukimbilia mahali penye joto kupitia katikati ya chembe za unga, ilhali sehemu ya kawaida haiwezi kurudi kwa njia hiyo, hivyo shinikizo hujikusanya na kiowevu huruka juu.

Tuzo na watatu

Itakuwa si haki kumtetea Allen kwa kumshusha Kapitza. Mrusi huyo alifanya kazi yake katika mazingira magumu, na ushujaa wake haukuwa wa maabara tu. Landau alipokamatwa mwaka 1938, Kapitza aliwaandikia viongozi wakuu wa nchi yake akimtetea, na mwaka 1939 Landau aliachiwa kwa dhamana yake. Bila barua hizo nadharia ya mwaka 1941 huenda isingeandikwa, na mwandishi wake huenda asingeishi kupokea Tuzo ya Nobel ya mwaka 1962.

Tuzo ya Kapitza ilikuja mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 84. Alipewa nusu ya tuzo ya fizikia kwa uvumbuzi na ugunduzi wake wa msingi katika fizikia ya baridi kali. Nusu ya pili waligawiwa Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, kwa ugunduzi wa mnururisho unaotoka pande zote za ulimwengu. Sheria za tuzo haziruhusu zaidi ya watu watatu, na tayari walikuwa watatu. Allen na Misener walikuwa hai wote wawili. Kapitza alipotoa mhadhara wake wa tuzo hakuzungumzia heli hata kidogo, bali utafiti wa kupata nishati kwa kuunganisha viini vya atomu, kwani alikuwa ameiacha fani ya baridi kali miaka mingi iliyopita.

Misener alikuwa amerudi Kanada zamani, akawa mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu. Alifariki mwaka 1996. Allen alihamia Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, mwaka 1947, akafundisha huko hadi alipostaafu mwaka 1978. Kwa miaka mingi alikuwa akipiga filamu ya rangi inayoonyesha tabia za Heli II. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilionyeshwa filamu hiyo. Ndani yake mtazamaji huona povu likikoma ghafula, chemchemi ikiruka, na kiowevu kikipanda ukuta wa bilauri chenyewe, katika utando usioonekana kwa macho, kisha kikidondoka nje tone kwa tone hadi bilauri ikabaki tupu. Vizazi vya wanafunzi wameiona supafluidi kwa macho ya Allen, pengine bila kujua kwamba mpiga filamu ndiye mmoja wa wagunduzi. Alifariki mwaka 2001.

Manufaa ya jambo lisilo na manufaa

Mwaka 1938 hakuna aliyejua kiowevu hicho kingefaa kwa kazi gani. Leo, katika maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, sumaku za mtambo wenye mzunguko wa kilomita 27 hupozwa hadi Kelvin 1.9 kwa Heli II. Sifa iliyowashangaza watu wa Leiden na Toronto, ya kupitisha joto kwa wepesi usio kifani, ndiyo inayofanya kazi humo. Heli ya kiowevu hutumika pia kupoza sumaku za mashine nyingi za MRI zinazopiga picha za ndani ya mwili hospitalini.

Jambo hili lina sehemu yake katika ardhi yetu. Heli huzaliwa polepole ndani ya miamba ya kale, pale urani na thori zinapovunjika. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya utafutaji, walitangaza kuwapo kwa hazina kubwa ya gesi hiyo katika Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Vijana wetu wanaosoma fizikia hawana budi kuijua gesi hii kwa sifa zake zote, wasiijue kwa bei yake tu.

Liko na funzo la pili, nalo linatuhusu sisi tunaosimamia utafiti wa wanafunzi. Misener alikuwa mwanafunzi. Jina lake lipo katika ukurasa wa 75 kwa sababu Allen aliliweka hapo, kando ya lake, kama ilivyostahili. Kamati za tuzo zina hesabu zao, na vitabu hupenda jina moja kuliko matatu kwa kuwa jina moja ni rahisi kukumbuka. Lakini karatasi iliyochapishwa haibadiliki. Mwalimu anayetunza daftari la maabara kwa uaminifu, akaandika tarehe, vipimo na jina la kila aliyeshiriki, anampa mwanafunzi wake haki ambayo hakuna kamati inayoweza kuifuta. Na mwalimu atakayefundisha somo hili kesho ataje majina yote matatu: Kapitza, Allen na Misener.